Gari la Dada Laomba Kuwa Kliniki

Jumatatu, 3 Machi

Sheria mpya imefika. Mfamasia ameibandika kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne, kana kwamba ni picha ya harusi yake. Kurasa sita. Nimezisoma zote nimesimama, chai ikapoa. Nikazisoma tena nimekaa.

Kwa ufupi: dawa zinazodhibitiwa, zile tunazoziita hapa kliniki dawa za kufuli kwa sababu hukaa kabatini zimefungiwa, sasa zinaruhusiwa kusafirishwa kutoka kituo kimoja cha kazi kwenda kingine. Ila na daktari mwenyewe. Ndani ya kisanduku cha chuma. Kutoka kituo kilichosajiliwa moja kwa moja hadi kituo kilichosajiliwa. Daktari mwenyewe! Nimelitafuta neno "meneja" kurasa zote sita. Halimo. Nikatafuta "ndugu wa daktari". Wapi!

Nieleze jambo hili vizuri, maana siku moja watu watataka kujua. Dada yangu ndiye daktari. Mimi ni meneja wake, cheo nilichojipa mwenyewe na ambacho hakuna aliyekipinga kwa sauti. Kliniki zetu ni mbili: hii ya mjini na ile ndogo ya mlimani yenye vitanda vitatu. Kitanda cha dirishani amelala Shangazi, aliyetulea mimi na Dada kwa cherehani yake tangu wazazi wetu walipofariki. Ugonjwa wake si wa kupona. Kinachompa nafuu ni dawa ya maji ya kutuliza maumivu, nayo ni dawa ya kufuli. Kila Alhamisi mimi ndiye niliyekuwa nikiipeleka. Sheria ya zamani haikusema chochote kuhusu mimi, na mimi sikuiuliza. Nilikuwa nikiingia na mkoba wangu, Shangazi anageuza shingo, anasema, "Haya, mkombozi kafika." Mbele ya wagonjwa wote! Hakuna mahali pengine duniani ninapoitwa hivyo.

Nimemwendea Mfamasia kumuuliza kama "mwenyewe" ni mwenyewe kabisa. Akasema kabisa. Nikauliza kama daktari anaweza kuwa mwenyewe huku amesaidiwa kidogo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaniambia, "Bwana Mipango, nenda kapange viti vya wagonjwa."

Jina hilo alinibandika yeye, sasa hata wagonjwa wanalitumia. Viti nimepanga. Lakini nimepanga na mengine.

Jumanne, 4 Machi

Penye nia pana njia! Kifungu cha nne kinasema kisanduku kishikwe na daktari safari nzima. Hakisemi kwamba mtu mwingine asikishike wakati huohuo. Nimekisoma kifungu hicho kuanzia mbele, nikakisoma kuanzia nyuma. Hakisemi.

Basi daktari ashike upande mmoja, mimi nishike upande wa pili. Tuingie wodini pamoja, kama watu waliobeba jeneza, lakini wenye furaha. Nimemweleza Dada alipokuwa anamulika sikio la mtoto anayelia. Akasema "mm". Mimi naijua mm ya Dada. Hiyo ilikuwa mm ya kukubali.

Tatizo likawa dogo tu. Kisanduku kina mshikio mmoja. Nikakichukua kikiwa kitupu, nikakipeleka kwa fundi vyuma wa mtaa wa nyuma. Akauliza cha nini. Nikamwambia ni siri ya afya ya umma. Akanyamaza kwa heshima. Kisha tukajiuliza pamoja, kwa nini visanduku vyote duniani vina mshikio mmoja? Masufuria yana miwili. Machela ina minne. Nani aliamua kwamba kisanduku ni mzigo wa mtu mmoja? Fundi alisema amefanya kazi ya chuma tangu ujana wake na hajawahi kuulizwa swali hilo. Tulilijadili mpaka wateja wake wawili wakaondoka. Halafu akatoboa matundu manne, akakaza mshikio wa pili kwa bolti. Ulipendeza mno.

Nikarudi nacho kifua mbele. Mfamasia akakipokea, akakizungusha, akatoa ile tochi yake ndogo ya kalamu, akaiwasha na kuiingiza ndani, akafunga kifuniko. Mwanga ukapenya pembeni mwa bolti. Akanisomea kifungu cha tatu kwa sauti ya kughani: kisanduku kisiwe na tundu, ufa wala upenyo. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake hata siku ya kupandishwa cheo.

Dada akatoka chumbani, akauliza ni nani aliyetoboa kisanduku. Watu wote wakanitazama, hata mzee mmoja mwenye bandeji machoni.

Mbaya zaidi, Mfamasia akasema ana kisanduku kingine, kipya, amekiweka akiba "maana nawajua watu". Akakileta kwa mikono miwili. Dada akamshukuru, akamwambia bila yeye kliniki hii ingekuwa soko. Bila yeye! Nimekaa ofisini kwangu nikila karanga kwa hasira. Kisanduku chenye mishikio miwili kipo chini ya meza yangu. Bado nasema kinapendeza.

Jumatano, 5 Machi

Kuuliza si ujinga. Jana nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa nauliza nani abebe. Swali lenyewe ni hili: kituo ni nini?

Nimerudi ukurasa wa kwanza, pale palipo maelezo ya maneno, mahali ambapo watu wa kawaida huruka. Kituo ni "mahali popote palipokubaliwa na kusajiliwa kwa ajili ya kutoa huduma ya tiba". Mahali popote! Nikasimama. Nikakaa. Nikatoka nje kwenye ua wa kliniki, nikalitazama gari la Dada, lile la buluu lenye mlango mmoja usiofunguka. Kwani gari si mahali? Mtu hukaa ndani yake. Mtu hula humo, hulia humo. Dada mwenyewe humo ndimo anamosinzia mchana.

Tazama sasa utamu wake. Gari likisajiliwa kuwa kituo, dawa ikiwekwa garini imo kituoni. Iliyomo kituoni haisafirishwi. Isiyosafirishwa haina haja ya kushikwa na daktari. Na kila kituo, kinasema kifungu cha tisa, lazima kiwe na msimamizi, naye si lazima awe daktari, bali "mtu mzima mwenye akili timamu". Nilikisoma kipengele hicho cha akili mara kadhaa, nikaridhika kwamba nimo. Kituo kikienda mlimani, msimamizi atakwenda nacho. Atashuka nacho. Ataingia nacho wodini, au angalau ataegesha karibu na dirisha la Shangazi.

Nikajaza maombi. Jina la kituo: Kliniki ya Kati. Jina la msimamizi: langu. Sahihi: yangu. Nikayapeleka mwenyewe ofisi ya ukaguzi.

Mkaguzi ni mama mmoja mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Aliyasoma maombi. Akachomoa penseli. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake akaniuliza, taratibu kabisa, gari likiwa linakwenda, kituo kiko wapi? Nikajibu kiko garini. Akauliza, na gari liko wapi? Nikajibu liko barabarani. Akasema basi kituo kiko barabarani. Nikasema ndiyo, lakini barabara haimo kituoni. Tukatazamana. Akafunga mlango, akaagiza chai.

Sijawahi kueleweka hivi katika ofisi ya serikali! Aliuliza kama kliniki inayopita mbele ya kliniki nyingine inakuwa jirani yake kwa muda. Nikauliza kama gari likizimika njiani, kituo kimefungwa au kimepumzika. Alichora. Nami nikachora. Alisema kazi yake miaka yote ni kuhesabu vitasa na kupima upana wa milango, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumletea kitu cha kufikiria. Nilivimba kichwa kidogo, sikatai.

Akagonga muhuri wa kupokelewa. Akaniambia atakuja kukagua Ijumaa. Akaongeza, huku anarudisha penseli kichwani, kwamba tangu muhuri ugongwe, dawa itakayokutwa ndani ya mahali panapoombewa hairuhusiwi kutoka wala kuhamishwa mpaka ukaguzi umalizike. Ni kanuni, watu wasije wakaficha mambo. Nikasema hakuna neno, humo garini mna mwavuli na viatu vya Dada tu.

Dada sijamwambia. Nataka liwe jambo la kumfurahisha. Kesho atapeleka dawa kwa utaratibu huu wa Mfamasia, na Alhamisi ijayo itakuwa zamu ya msimamizi. Mimi nitatangulia mlimani asubuhi nikae na Shangazi. Nikikosa kuileta, niwe basi wa kusema imekuja.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilifika mlimani mapema. Sista, muuguzi wa kule, aliniambia mlangoni kwamba chupa ya Shangazi imekwisha alfajiri, lakini nisihofu, Daktari yuko njiani na nyingine. Shangazi alikuwa macho. Akanitazama mikono. Akaniuliza mkoba uko wapi. Nikamweleza sheria mpya, kwamba sasa ni daktari mwenyewe. Akasema sheria nzuri hiyo, ila itakuwa imemkosesha mkombozi wake. Akatabasamu. Nikacheka, nikamkunjia shuka, nikamwambia asubiri tu, nina mambo.

Saa za mwanzo zilikuwa nzuri. Tuliongea habari za cherehani. Kisha akaanza kujibu kwa neno moja moja. Kisha akaacha kujibu. Akageukia dirisha, akaishika nondo ya kitanda, nikaona vidole vinabadilika rangi. Sista akampa vidonge vile vya kawaida, akaninong'oneza kwamba hivyo kwa maumivu haya ni kama kumwagia jiko mate. Nikaanza kusikiliza kila gari linalopanda mlima.

Simu ikalia. Dada. Aliongea polepole mno, na Dada akiongea polepole, kimbia. Aliniuliza kama ninalijua gari lake. Nikasema nalijua. Akaniuliza kama ninajua kwamba gari lake ni kliniki.

Jasho likanitoka hata nyuma ya magoti.

Ilivyokuwa ni hivi. Dada na Mfamasia wamefungia dawa kisandukuni, Dada amekiweka kiti cha mbele, amewasha gari. Geti likafunguliwa. Getini akawa amesimama Mkaguzi! Si alisema Ijumaa? Alimwambia Dada kwamba tangu jana hana usingizi kwa kufikiria gari hilo, akashindwa kusubiri. Akachungulia ndani, akakiona kisanduku, akauliza kina nini. Dada ni mkweli, hilo ndilo tatizo lake. Mkaguzi akasikitika sana. Akabandika karatasi kwenye kioo: mahali panapoombewa, kilichomo kisiondolewe. Akaanza kutafuta bomba la maji ndani ya gari. Akauliza benchi la wagonjwa liko wapi. Akauliza choo.

Dada akamwomba apitishe basi gari hilo liende. Mkaguzi akasema hawezi kupitisha kliniki isiyo na bomba. Akamwomba alikatae. Akasema kukataa ni kazi ya kamati, nayo itakaa wiki ijayo. Mfamasia akaulizwa kama anaweza kutoa chupa nyingine. Akasema mgawo wa mlimani ndio huo uliomo kisandukuni, akitoa mara mbili anafungwa yeye. Na sauti yake, Dada alisema, kwa mara ya kwanza haikuwa na furaha.

Njia ni moja tu. Msimamizi ayaondoe maombi yake. Yeye mwenyewe, kwa sahihi yake, mbele ya Mkaguzi.

Mwenyewe kabisa.

Nilirudi kitandani. Nilitaka kusema kuna hitilafu kidogo ya gari. Nikamtazama Shangazi, nikashindwa. Nikamwambia dawa imekwama kwa sababu yangu. Akasema, "Sasa umekaa hapa unafanya nini? Nenda, mwanangu. Nenda kaliachishe kazi hilo gari."

Niliteremka mlima kwa pikipiki ya muuza maziwa, nimekumbatia madumu matupu. Kliniki nzima ilikuwa uani. Wagonjwa walikuwa wametoa viti vyao nje ili wasipitwe. Viti nilivyopanga mimi! Dada alikuwa ndani ya gari amekipakata kisanduku, hatazami kushoto wala kulia. Mkaguzi akanipa karatasi. Nikaiegemeza ubavuni mwa gari, nikatia sahihi. Akabandua ile karatasi ya kwenye kioo kwa ukucha, pole pole, akaniambia kwa huzuni ya kweli kwamba alitamani sana kuona mambo yale yangeishia wapi. Nikamwambia hata mimi. Dada akapiga honi.

Niliruhusiwa kukaa kiti cha nyuma. Kwenye kona ya mwisho Dada alizungumza, bila kugeuka. Alisema Shangazi ameteseka mchana kutwa kwa sababu mimi nataka kuonekana. Nikaitikia kwa kichwa, ingawa hakuwa akinitazama. Ndivyo ilivyo.

Shangazi alikunywa dawa akiwa ameshikwa kichwa na Dada. Mimi nilisimama mlangoni. Baada ya muda, vile vidole viliiachia nondo ya kitanda kimoja baada ya kingine, akalala. Nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nililia sana.

Ijumaa, 7 Machi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu limevunjika, nimekoma. Nimeapa mbele ya kioo cha bafuni. Kuanzia leo mimi ni mtu wa viti.

Nimezipanga safu nne. Nimeng'oa kurasa zote za sheria nilizonakili, nikazitia kwenye jalala la nyuma ya maabara. Kisha nikazitoa, kwa sababu jalala hilo ni la sindano tu. Kisha nikazitia droo ya chini kabisa, kwenye giza, zikae huko.

Nilitegemea Mfamasia aje kunicheka. Alikuja kweli, akasimama mlangoni, akakohoa. Akauliza Shangazi ameamkaje. Nikamwambia amelala vizuri. Akasema vizuri. Hakuondoka. Mwishowe akauliza, huku anatazama dari, kama kweli nilikwenda ofisi ya ukaguzi na kuomba gari lisajiliwe, na wakanipa chai. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Akasema yeye huenda huko kila mwezi na hajawahi kupewa hata maji. Ikanipoza kidogo, sitadanganya.

Dada amenisalimia. "Umeamkaje" tu, lakini aliisema.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda mlimani kuomba msamaha. Niliandaa maneno njiani, mazito, yenye "Shangazi yangu mpenzi" mwanzoni. Nimeingia tu, akasema, "Lilitaka bomba?"

Sikuelewa. Akasema Sista amemwambia yote, kwamba gari lilitakiwa liwe na bomba la maji. Nikasema ndiyo. Na benchi? Na benchi. Na choo? Nikasema na choo. Shangazi akaanza kucheka. Kicheko cha pole pole kwanza, chini chini, kisha kikapanda, akashika ubavu, Sista akaja mbio kudhani kuna jambo. Akamwambia Sista afikirie choo kimefungwa kwenye gari la buluu kinapanda mlima. Mama wa kitanda cha pili akacheka hadi kikohozi kikampata.

Nikamwambia hata hivyo nisamehe, Shangazi. Akaacha kucheka. Akanishika mkono, akasema siku ile ilimuuma, hatanificha, na asingependa nyingine kama hiyo. Kisha akasema amenisamehe nilipokuwa nateremka na madumu ya maziwa. Akasema pia kwamba amelala kitanda hiki miezi, watu wote wanaokuja humwuliza anaumwa wapi, na mimi peke yangu ndiye huingia na kitu cha kufikiria. Nikatazama dirishani kwa muda. Vumbi liliniingia machoni, lile la ndani ya nyumba.

Akaniambia nimsomee hiyo sheria. Nikasema nimeapa. Akasema yeye hakuapa. Kumbe kurasa nilikuwa nazo mfukoni, sijui zilitoka vipi kwenye droo.

Nikamsomea. Anasikiliza kama anapima kitambaa, amekunja uso. Aliuliza kwa nini kisanduku kiwe cha chuma na si cha mbao ngumu. Aliuliza daktari akitaka kupiga chafya, anaruhusiwa kukiachia? Tulikaa kwenye chafya hiyo hadi chakula kikaletwa. Tulipofika pale penye maana ya kituo, akanisimamisha. Akaniambia nirudie. "Mahali popote palipokubaliwa na kusajiliwa." Akageuka akatazama nje, kule bondeni liliko bati la nyumba yetu.

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anatamani kufia nyumbani kwake, kwenye chumba cha cherehani. Alishamwambia Dada. Dada alilia, akasema haiwezekani, dawa hii hairuhusiwi kulala nje ya kituo. Kisha Shangazi akazigusa kurasa zilizokuwa mkononi mwangu. Halafu akasema, "Nyumba yangu ina bomba."

Jumapili, 9 Machi

Ina bomba! Nimelifungua mwenyewe leo asubuhi, maji yanatoka, ya kutu mwanzoni, baadaye safi. Ina benchi barazani, lile walilokuwa wakikaa wateja wakisubiri nguo zao. Ina choo chenye mlango. Upana wa mlango wa mbele nimeupima kwa futi yake ya kushonea: machela inapita, tena na anayeisukuma mnene. Kabati la vitambaa lina kufuli. Nyumba hii ilikuwa kliniki miaka yote, hakuna aliyeitambua!

Nimefanya uchunguzi wa ajali ya Alhamisi, kwa utulivu, bila kujipendelea. Nimegundua kosa lilikuwa moja tu: gari. Gari si mahali. Mkaguzi alijaribu kuniambia kwa upole, sikumwelewa. Mpango wenyewe haukuwa na doa.

Msimamizi wa kituo atakuwa Shangazi. Nimepanda mlimani kumweleza, akauliza kama msimamizi hupewa muhuri. Mimi nitakuwa naibu msimamizi, anayeingia na dawa chumbani, kutoka kabatini hadi kitandani, hatua zangu mwenyewe, na hakuna sheria inayonigusa humo. Shangazi ametia sahihi. Herufi zimepinda lakini jina linasomeka. Aliniambia nifanye haraka.

Mkaguzi nimempigia simu nyumbani kwake. Jumapili! Akapokea kabla sijamaliza kusalimia. Nilipomwambia safari hii ni nyumba, akauliza kama ni nyumba isiyotembea. Nikamhakikishia. Akasema hata hivyo atakuja kwa furaha.

Dada sijamwambia, maana ana mambo mengi, na hili litamfurahisha sana likiwa tayari. Mfamasia simwambii kabisa.

Kilichobaki ni siku tu, nayo nimeipanga kwa makini kuliko kitu chochote maishani mwangu. Maombi yatapigwa muhuri Jumatano. Ukaguzi Alhamisi mchana. Na Alhamisi asubuhi, Dada akishafika mlimani na ile dawa ya wiki, nitamwomba Sista chupa ya Shangazi dakika chache tu, niiwahishe kule nyumbani, niifungie ndani ya kabati la vitambaa, kisha niirudishe mlimani kabla Shangazi hajaanza kuiulizia. Mkaguzi aikute humo, aone kwamba sisi si watu wa mchezo.